Fundi anataka kuongeza nguvu ya Forester yangu: nikubali?

Swali kwa kifupi: msomaji wa Buhongwa, Mwanza, amenunua Subaru Forester ya 2005, ile ya toleo la SG5 yenye tabo (kipulizia kinachoisukumia injini hewa zaidi) na gia boksi ya otomatiki, kutoka mkononi mwa mtu. Dashibodi inasoma kilomita 138,000 na hakupewa kumbukumbu zozote za matengenezo. Kila siku anakwenda nayo kazini Pasiansi na kurudi, na mara moja moja anawapeleka wazazi Muleba. Fundi amemwambia kwamba kwa shilingi 1,800,000 atampangia upya programu ya kontroboksi (kompyuta ya injini), ataongeza presha ya tabo, atamfungia filta ya koni na ile valvu inayopiga mluzi, kisha ataondoa masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi), na gari "litapaa". Rafiki yake anamwambia aachane nalo anunue Mark X. Anauliza akubali au akatae, na kama gari lililoongezwa nguvu linafaa kwa matumizi ya kila siku.

Jibu:

Mdogo wangu, hiyo pesa usiitoe bado. Kazi ya kuongeza nguvu ndiyo inayonilisha, kwa hiyo sitakuambia ni kosa. Gari lenye tabo lina akiba ndani yake, na fundi anayejua anaweza kuitoa hiyo akiba bila kuua injini. Ila katika yote aliyokutajia sijaona hata sehemu moja ya kupima. Anataka kuongeza presha kwenye injini yenye takriban miaka ishirini ambayo hali yake haijui yeye wala wewe. Hivyo ndivyo injini nyingi za EJ20, aina iliyomo kwenye gari lako, zinavyokufa.

Forester hiyo ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 220 na msokoto wa Nm 309. Kwa gari la familia la lita 2.0 si haba hata leo. Wengi wanaoniletea gari wakisema limelegea liongezwe nguvu huwa wanaendesha sehemu tu ya zile 220. Plagi zimechoka, bomba la mpira la tabo limepasuka upande wa chini usioonekana, sensa ya hewa imejaa vumbi, koili moja inakatakata ikishapata moto. Yakirekebishwa hayo, mtu anarudishiwa nguvu ambayo alishailipia siku aliyonunua gari, na kontroboksi haijaguswa.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi waliojifunzia kazi Dar hawalipigii hesabu: sisi tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda Isamilo au Bugando unaongeza nyingine. Kwenye kimo hiki mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Gari lisilo na tabo hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa kuhamia Mwanza tu, hata kama ni zima kabisa. Tabo huficha upungufu huo, lakini huulipia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi.

Tuchukue geji ya tabo inayosoma baa 0.8 pale Dar. Hizo ni kilopaskali 80 juu ya zile 101 za hewa ya nje, kwa hiyo ndani ya bomba kuna kilopaskali 181, maana yake tabo imeigandamiza hewa karibu mara 1.8. Ukizitaka hizo hizo 181 ukiwa Nyegezi, lazima iigandamize mara 2.06. Hewa iliyogandamizwa zaidi hutoka na moto zaidi, na kwenye Forester intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini, ikitegemea upepo unaoingia kwenye lile tundu la boneti. Jioni kwenye foleni ya Mkuyuni upepo huo haupo. Kwa hiyo fundi akikuambia programu hii ameijaribu kwa mteja wake wa Dar na imekwenda vizuri, mjibu kwamba gari lako linaishi Mwanza na programu yake ipimwe Mwanza, juu ya gari lenyewe.

Petroli nayo. Fungua kifuniko cha tenki. Kama kibandiko cha Kijapani bado kipo, kimeandikwa kwamba injini hii inataka petroli ya daraja la juu. Kwa kiwango cha Japani daraja hilo halishuki chini ya oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mlipuko wa kabla ya wakati), na vituo vyao vingi huuza ya 100. Kwetu hiyo ya 100 huipati pampuni. Gari lako limekuwa likivumilia tofauti hiyo tangu literemshwe bandarini: sensa inasikiliza mlipuko wa kabla ya wakati, kontroboksi inachelewesha cheche, nguvu zinapungua kidogo na pistoni zinapona. Uvumilivu huo ndio kitu cha kwanza kuliwa na programu ya kubahatisha. Hapo bado hatujagusa mafuta yaliyochakachuliwa. Chagua kituo kimoja chenye magari mengi, jaza hapo hapo kila mara, tunza risiti. Siku ukisikia injini inatoa mlio wa kokoto wakati unapanda mlima, ondoa mguu palepale, usisubiri ufike kileleni.

Mlio huo nauogopa kuliko moshi wa rangi yoyote. Mafuta yanapolipuka kabla ya wakati, pigo linampata pistoni akiwa bado anapanda, na kwenye injini hizi kinachovunjika ni ukuta mwembamba unaotenganisha ringi na ringi. Silinda ya 4 ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Gari huendelea kutembea, linakula oili kidogo, linatetemeka kidogo likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na mwenye gari anadhani ni plagi. Akija kushtuka, bloki imeshachanwa.

Vitu vya fundi wako sitavikalia sana. Valvu ya mluzi inatoa nje hewa ambayo sensa imeshaihesabu, kwa hiyo kila unapoachia mguu injini hupata mafuta mengi kuliko hewa. Unanunua sauti na unaongeza matumizi ya petroli. Filta ya koni iliyokaa wazi inavuta hewa ya moto iliyozunguka injini, na nyingi hupitisha vumbi ambalo filta ya karatasi ingelizuia. Wewe unatoka Buhongwa, unajua kiangazi vumbi la barabara za mitaani linavyokaa juu ya boneti. Vumbi hilo likipita linasaga bapa za tabo na kuta za silinda. Baki na boksi la kiwandani na filta mpya ya karatasi. Masega ukiyaondoa bila kurekebisha programu, tabo inaweza kupanda presha yenyewe kupita pale ilipopangiwa, na harufu ya ekzosi ataivuta mama yako safari nzima hadi Muleba. Kama masega yameziba kweli, hilo hupimwa kwa geji ya mgandamizo wa ekzosi, kisha unaamua.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa nakuomba uwepo, usiache ufunguo ukaondoka.

Anzeni na plagi. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo plagi ziko ubavuni na kuzifikia kunakera. Nimeshapokea magari ambayo tatu zimebadilishwa na ile ngumu imeachwa humo humo na kutu yake. Simama mpaka zitoke zote nne, zipangwe kwa namba juu ya kitambaa safi. Washa kamera ya simu, ivute karibu, tazama ile kauri nyeupe inayozunguka ncha. Rangi ya kahawia iliyopauka ni habari njema. Masizi makavu meusi yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa. Unyevu wa oili unakupeleka kwenye ringi, sili za valvu au tabo inayovuja. Unachokitafuta zaidi ni vitone vidogo sana vinavyong'aa vilivyogandia kwenye kauri. Hiyo ni aluminiamu, na imetoka kwenye pistoni. Ukivikuta, usiliendeshe tena mpaka silinda hiyo ijulikane hali yake.

Plagi zikiwa nje, pimeni kompresheni ya silinda zote, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuigandamiza hewa, injini ikiwa ya moto, betri imejaa na pedeli ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Namba moja moja hainitishi sana, nataka zifanane. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, mazungumzo ya kuongeza nguvu yameishia hapo. Baadaye ingizeni hewa ya kompresa kwenye kila silinda msikilize inatokea wapi: ikisikika kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi.

Kisha kontroboksi isomwe gari likiwa linatembea. Subaru huhifadhi namba inayoonyesha ni kiasi gani inaiamini petroli uliyoweka na hali ya injini yako; kwenye baadhi thamani kamili huandikwa 1, kwenye nyingine 16. Mpande mlima wa Bugando kwa mwendo halali, watu wanne ndani, feni ya ubaridi imewashwa, na fundi asome namba hiyo. Ikibaki kamili, injini haina manung'uniko. Ikishuka, gari limeshakuambia halitaki presha zaidi, na mtu anayetaka kuipanga upya bila kuitazama namba hiyo ni fundi maiko tu, hata akiwa na laptopu.

Mkanda wa taiming usiujadili. Huna kumbukumbu, gari lina kilomita 138,000, na mkanda huu kwa ratiba ya Japani hubadilishwa kilomita 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Badilisha mkanda, tensheni, puli zake zote na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, maana kazi ya kufungua ni ile ile. Nunua vifaa vya uhakika. Hapa ukiokoa elfu hamsini utakuja kulipia injini nzima.

Oili iwe 5W-30 au 5W-40 ya sintetiki, kila kilomita 5,000, bila kusogeza mbele kwa sababu mshahara umechelewa. Tabo yako hupata oili kupitia bomba jembamba, na kwenye baadhi ya injini hizi ndani ya bolti ya bomba hilo kuna kichujio kidogo cha wavu. Oili ikiwa nzito kwa uchafu, wavu unaziba, tabo inakauka na kufa kabla injini haijalalamika. Na kwa sisi wa Jiji la Miamba: usipime kijiti ukiwa umeegesha kwenye mteremko. Injini imelala, hata mwinamo mdogo unakudanganya. Tafuta sehemu tambarare, subiri oili ishuke, ndipo upime, kila wiki.

Mwulize pia aliyekuuzia, au fungua uangalie mwenyewe, kama termostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, bado ipo. Kuna desturi mbaya hapa ya kuitoa gari likichemsha mara moja, kisha kujaza maji ya bomba. Injini isiyo na termostati hufanya kazi ikiwa ya baridi mno, kontroboksi inamwaga mafuta ikidhani bado asubuhi, silinda zinalika, na kilichosababisha kuchemsha hakijaguswa. Rudisha termostati, weka kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), safisha mapezi ya rejeta kwa maji ya presha ndogo. Wadudu wa ziwani na vumbi hujishikiza humo wakawa ukuta.

Ukishavuka hapo, kabla ya nguvu, weka breki na matairi. Gari likitoka mwendo wa 100 kwenda 140, breki zinabeba karibu mara mbili ya mzigo, kwa sababu nishati hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, DOT 4. Matairi yote manne yawe ya aina moja na yamelika sawa, maana gari lako huendesha magurudumu yote na tairi moja kubwa kuliko wenzake hupasha moto klachi ya kugawa nguvu ndani ya gia boksi. Ubavuni tafuta tarakimu nne: 2219 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2019. Mtumba wa tairi unaong'aa unaweza kuwa na umri wa mtoto anayesoma darasa la tano.

Baada ya yote hayo, kama bado unataka kuongezewa, mimi ningekubali hivi: tabo ile ile, presha isizidi ya kiwandani, kontroboksi ipangwe juu ya gari lako mwenyewe ukiwa umejaza petroli unayoitumia kila siku, na fundi awe na sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi wakati anapanga. Asiyekuwa na kifaa hicho anakisia. Faida utakayoiona itakuwa katikati, pale unapokanyaga kulipita lori kabla ya Usagara. Usitarajie namba za kutangazia watu. Kuondoa limita ya kilomita 180 kwa saa sitakufanyia hata ukinilipa. Barabara ya Musoma ina ng'ombe Magu, na ukifika Ndabaka ni wanyama wa Serengeti wenyewe. Hakuna sehemu ya kanda hii inayohitaji 180.

Gia boksi yako ni ya gia nne, na ndiyo itakayokuwa mpaka wako. Ikipata msokoto mwingi na oili iliyozeeka, inachelewa kubadilisha, inateleza, kisha inaungua. Badilisha oili yake ya sahihi kabla ya programu, na ukiongeza chochote ongeza na rejeta ndogo ya gia boksi.

Kuhusu kila siku: ndiyo, linafaa, kama hesabu zako zinalikubali. Mjini utapata kilomita 7 au 8 kwa lita ukiendesha kwa adabu, na chini ya hapo ukicheza na tabo. Chukua bei elekezi ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, ile inayotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, piga kwa safari zako za Pasiansi, kisha ongeza akiba ya matengenezo kila mwezi kabla hujafikiria rimu. Kama hesabu hiyo inakubana sasa, programu ya nguvu itakubana zaidi.

Na safari ya Muleba imebadilika. Zamani pale Kigongo gari lilipumzika kivukoni upende usipende. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 unapita moja kwa moja hadi Busisi, Sengerema, Geita, Chato, bila injini kupoa hata dakika moja. Hilo ni jema kwa wazee wako, ila pumzisha gari mwenyewe, na kila unapotaka kuzima endesha kilomita ya mwisho taratibu tabo isiwe ya kuwaka. Kagua oili Geita.

Rafiki yako wa Mark X hajakosea. Injini yake ya V6 ya 2.5, 4GR, haina tabo, inatumia cheni badala ya mkanda, na kwa mtu anayetaka kuwasha na kuondoka inasamehe zaidi. Angalia pia Toyota wenyewe walivyofanya: toleo la kwanza la 2004 lilipangwa kwa petroli ya daraja la juu likatoa farasi 215; la pili la 2009 wakalipanga kwa petroli ya kawaida, wakakubali kushuka hadi 203. Kiwanda kikubwa kilichagua farasi wachache na mafuta yanayopatikana. Mark X itapungukiwa kidogo na kimo cha Mwanza, na sindano zake zinazopiga mafuta moja kwa moja silindani huziacha valvu zikishika masizi, kwa hiyo nayo ina gharama zake. Masika ukiwa na barabara ya udongo hadi nyumbani, Forester itakufikisha na Mark X itakwama.

Mimi ningebaki na Forester, kwa sharti la kompresheni. Katika ile 1,800,000 toa kwanza gharama ya vipimo. Namba zikiwa nzuri, mkanda wa taiming na vyote vinavyofuatana nao, oili zote, plagi nne za uhakika, termostati, pedi na mafuta ya breki. Kikibaki kitu, matairi. Silinda moja ikionekana imechoka, usifumue injini kwa haraka na usiuze kwa kuficha. Mwambie mnunuzi namba ulizopata, ushushe bei kwa kiasi cha kazi inayohitajika, ndipo uende kuitazama hiyo Mark X, nayo ukaipime vile vile.